Buti la Gwaride na Matope ya Rwenzori

Ndugu msomaji, juma hili twaacha mambo ya jiko na bustani, twaelekea mlimani. Sababu ni barua ya mama mmoja akaaye kambini pamoja na mumewe, ambaye ni koplo, na watoto wao. Ameomba jina lake na la kambi yasitajwe, nami namtii. Aeleza kwamba mumewe na askari wenzake wawili wamepatana kutumia sehemu ya likizo ya Januari kuzunguka milima ya Rwenzori kwa siku 7, na kijana wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 16, amekubaliwa kufuatana nao. Hawakusudii kukanyaga barafu. Watafika kwenye maziwa ya Kitandara, kisha watateremka. Bwana asema mabuti yake ya jeshi, ambayo yamekwisha kutembea maili nyingi, yamtosha. Kijana atavaa jozi ya zamani ya babake. Ni kubwa kidogo, lakini itajazwa kitambaa kwenye vidole. Mama auliza: je, hapana budi kununua viatu vingine, na karo inawakabili mwezi uleule? Au huo ni mchezo wa watu wenye fedha?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Mabuti ya bwana hayafai kwa mlima huo, ingawa yafaa kwa milima mingine. Na jozi ya kuazima iliyojazwa kitambaa haifai kwa mlima wowote, hata ule mdogo ulio nyuma ya shule.

Sina nia ya kulivunjia heshima buti la jeshi. Limeshonwa kwa ngozi nene, lakishika vema kifundo cha mguu, na aliyelivaa miaka mitatu mguu wake umekwisha kulizoea, jambo ambalo ni nusu ya faida ya kiatu chochote. Koplo angekuwa anakwenda Muhabura, ambako njia hupanda mgongo wa volkeno hadi mita 4,127 na mpandaji hurudi chini siku hiyohiyo, ningemwambia akaze kamba zake aende. Hata Elgon, kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri hadi kilele cha Wagagai, mita 4,321, wakati wa kiangazi, buti lake lingemfaa. Rwenzori ni habari nyingine kabisa.

Milima hiyo haikutokana na volkeno. Ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa kando ya bonde la ufa, nalo hukinga mawingu karibu mwaka mzima. Mtu aanzaye Nyakalengija, kiasi cha mita 1,600, hupita msituni siku ya kwanza hadi kibanda cha Nyabitaba. Siku ya pili huvuka mto kwa daraja liitwalo Kurt Hahn, akapanda juu ya mawe na mizizi yenye utelezi mpaka kibanda cha John Matte. Kutoka hapo kinamasi kinaanza: Bigo ya Chini, kisha Bigo ya Juu, mpaka ziwa Bujuku. Nyasi huota kwa mafundo makubwa, na baina ya fundo na fundo liko tope jeusi liwezalo kuumeza mguu hadi gotini. Siku hizi njia za mbao zimejengwa juu ya baadhi ya sehemu mbaya zaidi, ila hazikufunika kila tope. Wenyeji huhesabu Januari miongoni mwa miezi ya ukavu. Ukavu wa Rwenzori, ndugu yangu, maana yake ni kwamba mvua hupumzika mara kwa mara.

Sasa fikiri buti la ngozi katika hali hiyo. Likilowa siku ya pili halitakauka tena mpaka mwenyewe afike nyumbani. Jua la kuanikia ni haba, na usiku kule Bujuku, karibu mita 4,000 juu, baridi hukaribia ile ya kugandisha maji. Asubuhi askari hutia mguu katika maji baridi, akatembea saa saba, akalala, akarudia tena. Madaktari wa majeshi waujua vema ugonjwa utokao hapo, tangu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari waliposimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji huko Ufaransa na Ubelgiji. Hauhitaji barafu. Maji baridi na saa nyingi vyatosha. Mishipa ya damu hujikaza, ngozi hugeuka nyeupe na kukunjamana, mguu hufa ganzi; ukipashwa joto huvimba na kuuma kiasi cha mtu kushindwa kugusa shuka. Watu waliuguliwa hata wakakatwa miguu. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, askari wa Uingereza waliupata tena kwa wingi, kwa kuwa mabuti waliyopewa yalipitisha maji. Lile lilikuwa jeshi lililoujua ugonjwa huo kwa miaka karibu sabini! Basi koplo asidhani kwamba uaskari ni kinga.

Mwingine atauliza habari za buti la msituni, lile la turubai lenye vitundu kando ya soli, ambalo Wamarekani walilitumia katika vita vya Vietnam. Ni kiatu cha akili kwa msitu wa joto, maana maji yakiingia yapata njia ya kutoka. Lakini kule juu kitundu kitoacho maji huyaingiza pia, nayo ni ya baridi.

Tuwatazame Wabakonjo, ambao mlima huo ni wao kwa urithi, na ambao ndio viongozi wa njia na wapagazi. Wao huvaa mabuti ya mpira, yaleyale avaayo mkulima shambani na mchunga ng'ombe zizini. Mgeni aliyekuja na viatu vya bei kubwa kutoka Ulaya huwacheka siku ya kwanza, na siku ya tatu huwaonea wivu. Hapo ndipo penye faraja kwa mama aliyeniandikia: kiatu kinachotakiwa kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndicho rahisi kuliko vyote dukani.

Rahisi, naam, lakini kisinunuliwe kwa haraka. Buti la mpira la kuzoa samadi na buti la mpira la kupandia mlima hutofautiana kwa mambo matatu. Kwanza soli: iwe na meno marefu yaliyoachana, si michirizi iliyolala. Pili upana: mguu ukicheza ndani, kisigino kitapanda na kushuka kwa kila hatua, na hatua za siku moja ni maelfu. Tatu urefu: likome chini ya goti bila ukingo wake kuchuna ngozi ya muundi mtu akunjapo mguu kupanda jiwe. Ndani itiwe soli ya pili ya kitambaa au sifongo, inayoweza kutolewa na kukaushwa, kwa kuwa mpira hauna joto na mguu hutoa jasho ambalo halina pa kwenda. Kwa hiyo soksi ni jambo kubwa kuliko watu wadhanivyo. Pamba ikilowa hubaki imelowa na husugua. Sufi hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Avae soksi nyembamba ndani na nene ya sufi juu yake, ili msuguano uwe baina ya soksi na soksi, usiwe baina ya soksi na ngozi. Na jozi moja kavu ifungwe katika mfuko wa plastiki, isiguswe mchana kwa sababu yoyote. Ni ya kulalia tu.

Nisilisifu buti la mpira kupita kiasi. Halishiki kifundo cha mguu. Juu ya mwamba uliolowa laweza kuteleza vibaya, na likiingia maji kwa juu hugeuka ndoo. Palipo na mawe makubwa na miamba ya kupandwa kwa mikono, mtu ahitaji buti lenye kamba na soli imara. Nao wanaokwenda Margherita, kilele cha mita 5,109, hubadili viatu tena wakifika kibanda cha Elena: hapo ni mabuti magumu yanayoweza kufungiwa meno ya chuma ya kukanyagia barafu, pamoja na kamba na shoka. Vitu hivyo hukodishwa na watu wa mlimani. Hapana haja ya kuvinunua. Tena barafu yenyewe yazidi kupungua. Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, alipofika kileleni kwa mara ya kwanza Juni 1906, barafu ya Rwenzori ilifunika kilomita za mraba zipatazo 6 na nusu. Karne moja baadaye haikufika kilomita moja.

Wakati wa Mtawala huyo wapanda milima wa Ulaya walipigilia misumari ya chuma chini ya viatu vyao. Soli ya mpira yenye meno, tunayoiona leo chini ya buti la askari wa nchi nyingi, ina asili ya huzuni. Mwaka 1935 Mwitalia mmoja, Vitale Bramani, alifiwa na wenzake sita katika milima ya Alps. Walishikwa na hali mbaya ya hewa, na viatu vyao havikufaa kwa theluji na baridi. Bramani alirudi nyumbani akaanza kutafuta soli iwezayo kushika mwamba, theluji na udongo bila ya kubadili kiatu. Mwaka 1937 akaisajili. Mtindo wa meno yake ukaitwa kwa Kiitaliano carrarmato, yaani kifaru cha vita, kwa kufanana na minyororo yake. Nimelitaja hili ili msomaji atazamapo chini ya kiatu sokoni ajue kwamba meno yale hayakuwekwa kwa urembo.

Na sokoni ndiko wengi wetu tutakakonunua, katika mafungu ya mitumba. Buti zuri la mlima hupatikana humo, nami naona si aibu. Ila likunje kwa mikono miwili na uitazame soli pale inapoungana na ngozi. Viatu vingi vya siku hizi vina tabaka laini, kama sifongo ngumu, baina ya ngozi na mpira. Tabaka hilo huzeeka hata kiatu kikiwa sandukuni; unyevu wa hewa hulila polepole, na siku moja huvunjika kama keki kavu na soli yote kubanduka. Kiatu chaweza kuonekana kipya kabisa, kwa kuwa hakikuvaliwa, kikafa siku ya pili ya safari. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha. Likichanika au likiacha unga, kirudishe katika fungu, hata muuzaji akupunguzie namna gani.

Nije sasa kwa kijana. Mtoto wa miaka 16 mguu wake bado wakua, na hiyo ndiyo sababu wazazi hununua viatu vikubwa. Kwa shule, sawa. Kwa mlima ni hatari, hasa wakati wa kuteremka. Mtu ateremkapo, uzito wake wote husukuma mguu mbele. Kiatu kikiwa kikubwa, mguu huteleza ndani, vidole hugonga ncha, kucha hugeuka nyeusi. Kitambaa kilichojazwa mbele huzidisha mambo: hulowa, hujiviringa, na huwa jiwe chini ya vidole. Kijana anayeumwa hivyo hatamwambia babake, hasa mbele ya askari wengine wawili. Atatembea kwa visigino akijihadhari na maumivu, na kwa visigino ndivyo watu waangukavyo.

Akapimwe kiatu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa kama utakavyovimba mlimani. Avae soksi zilezile za safari. Kabla ya kufunga kamba asukume mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kiingie bila kubanwa. Kisha afunge kamba, asimame juu ya kitu kilichoinama, kichwa cha kiatu kikielekea chini, na apige mguu mara tatu. Vidole vikigusa mbele, akatae. Apande ngazi, kisigino kikiinuka ndani, akatae pia. Akikubali, avivae nyumbani, kisimani na sokoni kwa majuma matatu kabla ya safari. Kiatu kipya kisifunguliwe mlangoni mwa hifadhi.

Kupanda kwa mikono na miguu juu ya mwamba ni elimu ambayo askari wengine hujidai kuijua kwa sababu wamewahi kuruka ukuta wa mazoezi. Ukuta wa mazoezi haubomoki. Mlimani kila jiwe hujaribiwa kabla ya kupewa uzito: ligonge kwa kiganja, livute chini, usilivute kuelekea kwako. Katika mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika daima, kimoja tu kitembee. Miguu ndiyo ibebe mwili. Mikono ni ya kuupatia uthabiti. Asiyezoea hujilaza kifudifudi juu ya mwamba kwa hofu, na kufanya hivyo huusukuma mguu nje, ukateleza. Asimame wima, uzito uwe juu ya soli. Tena asipande mahali ambapo hajui atashukaje. Katika mlima Sabinyo, ambako mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana kileleni, njia hupita juu ya ngazi za miti zilizoegemezwa kwenye miamba, na wengi waliopanda kwa wimbo hushuka kimya. Ngazi hushukwa uso ukiielekea, kama ngazi ya nyumba, mtu mmoja mmoja, na aliye chini asimame kando, maana mawe huanguka.

Jambo jingine sitaki kulipitia haraka, nalo ni mwendo. Mwendo wa gwaride ni wa kuonyesha, na mwendo wa mbio za alfajiri ni wa kushindana. Wa mlimani ni wa kuweza kuzungumza. Kupita mita 2,500 hewa hupunguza nguvu, na maradhi ya kimo hayachagui dhaifu. Kijana mwenye mapafu ya mwanariadha hupatwa sawa na mzee, na mara nyingi hupatwa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekimbia. Kichwa kikiuma, chakula kikikinai, usingizi ukikosekana, mtu asipande zaidi siku hiyo. Akianza kuyumba kama mlevi, akili ikichanganyika, au akihema hata aliposimama na kukohoa povu, ashushwe mara moja, usiku au mchana. Kukawia ndiko kuuako. Wafikapo juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi.

Na katika mambo haya cheo kiachwe langoni. Koplo huyu ndiye mkubwa wa kundi lake, na wenzake wamezoea kuitika. Mlimani aitike yeye pia, amwitikie kiongozi wa njia Mbakonjo, hata akiwa kijana wa miaka 22 asiyewahi kushika bunduki. Asemapo turudi, warudi. Anayekwenda polepole kuliko wote awekwe mbele, mwendo uwe wake. Kwa safari hii huenda akawa kijana. Huenda akawa babake.

Miguu ikaguliwe kila jioni kama silaha. Ioshwe, ikaushwe hadi baina ya vidole, na ipakwe mafuta kidogo. Kucha zikatwe juma moja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari. Lengelenge huanza kwa joto la mahali pamoja. Hapo ndipo pa kusimama, kuvua kiatu na kubandika plasta, hata kundi likinung'unika. Dakika tano za kunung'unikiwa ni nafuu kuliko siku tatu za kuchechemea.

Basi mama, fedha zako uzigawe hivi. Mabuti ya mpira kwa bwana na kwa kijana, kila mmoja kwa kipimo chake. Soksi mbili za sufi na mbili nyembamba kwa kila mtu. Kwa ajili ya mawe yaliyo baina ya Bujuku na Kitandara, kwenye pito la Scott Elliot, mita 4,372, bwana abebe mabuti yake ya jeshi yakiwa makavu ndani ya mfuko. Hapo ndipo yatakapolipa heshima yake. Kijana ahitaji jozi moja ya mitumba yenye kamba, iliyokaguliwa kama nilivyoeleza. Hivyo tu. Koti la kupendeza, miwani na saa ya kupimia kimo viachwe dukani. Ikiwa hata jozi ya kijana haipatikani mwezi huu, karo itangulie, naye abaki. Juni hadi Agosti mvua hupungua tena, na mlima haupeleki barua ya kumfukuza. Bwana akisema mtoto atavumilia, msomee barua hii mezani.

Watakaporudi, mabuti ya ngozi yataletwa kwako yakiwa yamelowa, na mtu atataka kuyaweka karibu na sigiri. Mkataze. Moto huikausha ngozi kwa nje, ikapasuka, na gundi ya soli ikalainika. Toa kamba na soli ya ndani, futa tope kwa maji na burashi, kisha jaza gazeti lililokunjwakunjwa mpaka vidoleni, uyaweke kivulini penye upepo. Badili karatasi asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Ukurasa huu wafaa kama ukurasa mwingine wowote, ukiisha kuusoma. Yakikauka, yapake mafuta ya ngozi, si samli, maana panya wa kambini nao wana likizo zao.